Kutoka wodini hadi afya ya jamii: ushauri kwa madaktari vijana wa Moshi

Shahada ya udaktari ni miaka 5, utarajali mwaka 1, kisha usajili wa Baraza la Madaktari Tanganyika. Baada ya hapo wengi hukimbilia ubingwa pale KCMC, hospitali ya rufaa ya Moshi. Si vibaya, lakini anayelenga kuwa Mganga Mkuu wa Wilaya au wa Mkoa apite kwanza kituo cha afya, tena cha mbali na lami. Hospitali ya rufaa haina habari za mgonjwa aliyebaki nyumbani.

Ukifika kituoni, zoea vitabu vya MTUHA (kumbukumbu za huduma za kituo) kabla ya kompyuta. Anza na chanjo. Hesabu watoto waliopata Penta, chanjo ya magonjwa matano, ya kwanza (wiki ya 6) na ya tatu (wiki ya 14). Toa idadi ya tatu kwenye ya kwanza, gawanya kwa ya kwanza, zidisha kwa 100. Wakianza 120 wakamaliza 102, asilimia 15 wameachia njiani. Ikizidi 10, tafuta chanzo: chanjo kuisha, foleni, au mama kurudishwa nyumbani eti watoto ni wachache, kichupa kisifunguliwe. Kwa surua-rubela angalau hofu hiyo inaeleweka, maana kichupa kikishachanganywa hutupwa ndani ya saa 6. Kwa Penta ya majimaji, ambayo haitupwi haraka hivyo, ni uzembe tu.

Jibu likitoka hasi, yaani waliomaliza wamezidi walioanza, usishangilie. Ama watoto wa kituo jirani wamekuja kumalizia kwako, ama tali (alama za kuhesabu waliochanjwa) imekosewa. Linganisha rejista, karatasi ya tali na fomu ya mwezi, kwa mpangilio huo. Aghalabu kosa huingia wakati wa kujumlisha, mwisho wa mwezi, watu wamechoka.

Matokeo yapeleke kwa timu ya afya ya halmashauri kwa ukurasa mmoja: tatizo, kijiji, gharama. Wahi. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na hoja inayofika Juni hukuta bajeti imeshafungwa.

Uzamili wa afya ya jamii ufuate hapo, ukiwa na swali lako mkononi. Ukitaka kuligeuza utafiti, omba kibali cha maadili kabla ya kugusa takwimu za wagonjwa. Kamati haitoi kibali cha kurudi nyuma, na majarida huyakataa makala yasiyo nacho.