Namna ya Kuhimiza Uhifadhi Salama wa Bunduki Majumbani: Mwongozo kwa Wanafunzi wa Udaktari Wanaorudi Lamu

Mwanafunzi wa udaktari anayerudi Lamu likizoni na kutaka kuzungumza na watu kuhusu bunduki zilizomo majumbani akumbuke kwamba, tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, ambapo watu wenye silaha waliua makumi ya wakazi, neno bunduki katika kaunti hii huwafanya wengi wafikirie msako na kukamatwa. Kwa hiyo usiulize kamwe nani ana silaha, wala usiandike jina la mtu. Zungumza na kikao kizima kana kwamba kila aliyehudhuria huenda ana ndugu ambaye ni askari wa akiba huko Hindi au Witu, au mfanyabiashara mwenye leseni.

Omba kwanza idhini ya chifu na wazee wa mtaa, na ukiwa Mkomani au Langoni, mitaa ya mji wa Lamu, mwone pia imamu. Wanaume utawakuta barazani baada ya sala ya alasiri. Wanawake wafuate majumbani kwa kupitia mama anayeheshimika, kwa sababu wao ndio wanaojua watoto hupekua wapi. Ukitaka afisa wa polisi aeleze sheria, mpangie siku nyingine, maana mbele yake maswali ya kweli hayataulizwa.

Ujumbe wenyewe ni mfupi: bunduki itolewe risasi na kufungiwa, risasi zifungiwe mahali pengine, na watoto wasijue funguo zilipo. Ndivyo wanavyopendekeza madaktari wa watoto wa Marekani, ambako mwaka 2020 silaha za moto zilishika nafasi ya kwanza katika kuua watoto na vijana. Hali yetu si hiyo, na takwimu zao zisitumiwe kuwatisha watu wa Lamu. Inatosha kueleza kwamba Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, nayo inamtaka mwenye silaha aihifadhi salama.

Utakapoulizwa kuhusu kasha, jibu kwa makini. Kasha la mbao, hata likiwa na kufuli, halitoshi, kwani hubanduliwa kwa patasi, na kila mjukuu anajua kwamba ufunguo umefungwa kwenye pindo la leso ya bibi. Sanduku la chuma ni bora, na fundi wa kuchomelea anaweza kulitengeneza, lakini hewa yetu ya chumvi hula chuma upesi, na kufuli lililoshika kutu mwishowe huachwa wazi. Shauri kufuli la shaba, litiwe mafuta kila mwezi. Mwenye bunduki atakayelalamika kwamba ikifungiwa itaota kutu hasemi uongo. Mwambie aipanguse kwa kitambaa chenye mafuta mara kwa mara, kisha airudishe ndani.

Usilete bunduki kikaoni, hata ya plastiki. Mtoto aliyenunuliwa bunduki ya kuchezea sikukuu ya Idi hatofautishi vizuri, na ingawa afundishwe kutoigusa ya kweli na kumwita mtu mzima, mafunzo hayo hayachukui nafasi ya kufuli.

Sehemu ngumu zaidi ni kujiua. Eleza kwamba mara nyingi msukumo huo hupanda na kupita kwa muda mfupi, na kwamba kumweka mbali na bunduki mtu aliyekata tamaa humpa nafasi ya kusaidiwa. Familia izungumze naye, na silaha ihamishwe nyumbani kwa utaratibu wa polisi hadi apate nafuu. Waambie pia kwamba Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinakiuka Katiba, hivyo wasiogope kumpeleka mgonjwa hospitalini.

Huenda mtu akakuvuta kando na kukwambia kwamba anayo bunduki isiyo na leseni. Usiiguse, usiibebe, wala usimuulize aliipata wapi. Mshauri mtu huyo amtafute chifu au wakili anayemwamini, akiwa na mzee wa familia.