Kuni za boila zenye cheti: hatua za kikundi cha wakulima wa miti Nyanda za Juu Kusini

Viwanda vya chai vya Mufindi, Njombe na Rungwe hukausha majani kwa moto wa kuni unaowasha boila (mtambo wa kuchemshia maji kuwa mvuke), na kuni zenyewe kwa sehemu kubwa ni mikaratusi. Mahitaji hayo ni makubwa na ya mwaka mzima, ndiyo maana swali la kuni zinatoka wapi haliwezi kuachwa hewani. Cheti cha usimamizi wa misitu hakisemi lolote kuhusu ubora wa kuni. Kinasema mambo mawili tu: kwamba shamba linatunzwa bila kumaliza miti, maji na haki za watu, na kwamba mzigo ulioingia yadini ndio uliotoka katika shamba hilo. La pili ndilo linaloangusha vikundi vingi, nasi tutalikalia zaidi.

Mwongozo huu ni wa viongozi wa umoja wa wakulima wa miti na maafisa misitu wanaowasaidia.

Hatua ya 1: Muulize mnunuzi kwanza

Usianze na mkaguzi wa cheti. Anza na kiwanda. Uliza kwa barua: mnahitaji cheti gani, kwa ujazo gani kwa mwaka, na bei itabadilika au la?

FSC (Forest Stewardship Council), shirika la kimataifa la vyeti vya misitu lililoanzishwa mwaka 1993, ndilo linalofaa zaidi kwa mashamba ya wakulima wadogo kwa sababu lina utaratibu wa cheti cha kikundi. SBP (Sustainable Biomass Program), mpango wa vyeti vya nishati ya miti ulioanza mwaka 2013, unahusu chipsi (vipande vidogo vya mbao) na peleti (punje za unga wa mbao ulioshindiliwa) zinazokwenda kwenye mitambo mikubwa ya umeme, hasa Ulaya. Unaitambua miti yenye cheti cha FSC, lakini unadai pia takwimu za nishati, kama lita za dizeli na umeme uliotumika kwa kila tani. Kama mnunuzi wenu ni boila ya kiwanda cha jirani, SBP haiwahusu.

Mnunuzi akishindwa kuahidi kitu kwa maandishi, fanyeni hatua ya 2 hadi ya 6 hata hivyo, maana zinalijenga shamba, ila msilipe ada ya ukaguzi bado.

Hatua ya 2: Kikundi na daftari lake

Mkulima wa ekari tano hawezi kubeba gharama za ukaguzi peke yake. Katika cheti cha kikundi, cheti ni kimoja, kiko mikononi mwa msimamizi wa kikundi, na wanachama wanaingia chini yake kwa mkataba. Mkataba uwe wa Kiswahili chepesi na utaje wazi kwamba mwanachama anakubali kukaguliwa shambani, anatoa taarifa kabla ya kuvuna, na anaweza kuondolewa akivunja masharti.

Daftari la wanachama liwe na jina, kijiji, namba ya shamba, ukubwa kwa hekta, aina ya miti, mwaka wa kupanda, aina ya hati ya ardhi na tarehe ya kujiunga. Tarehe ya kujiunga hupuuzwa sana, na bila hiyo hamwezi kuthibitisha kwamba kuni zilizouzwa mwezi Machi zilikuwa za mwanachama wakati huo.

Anzeni na wachache wenye mipaka isiyo na mgogoro. Kikundi cha watu 25 wenye kumbukumbu safi kinapita ukaguzi. Kikundi cha watu 300 kilichoandikishwa kwenye mkutano mmoja wa hadhara hakipiti.

Hatua ya 3: Ardhi na mipaka

Kila shamba liwe na ushahidi wa umiliki. Ulio bora ni hati ya hakimiliki ya kimila, inayotolewa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Pale ambapo hati bado, tumia muhtasari wa kikao cha halmashauri ya kijiji uliotiwa saini na kugongwa muhuri, pamoja na maelezo ya majirani wote wanaopakana. Mashamba yaliyonunuliwa na watu wa mjini kwa karatasi ya mauziano tu yahitaji uangalifu: muuzaji alikuwa na haki ya kuuza peke yake, au lilikuwa eneo la ukoo?

Kisha pima. Simu yenye programu ya GPS inatosha. Simama kwenye kona, subiri usahihi ushuke chini ya mita 5, andika nukta, nenda kona inayofuata. Jirani awepo. Chini ya miti mizito usomaji huyumba, hivyo pima ukiwa nje kidogo ya mstari wa miti.

Kosa moja hurudiwa sana hapa. Ramani nyingi za zamani zimechorwa kwa mfumo wa kuratibu mahali uitwao Arc 1960, wakati simu inasoma mfumo mwingine, WGS84. Ukizichanganya, shamba linahama kama mita 300, na kwenye kompyuta litaonekana limekaa ndani ya hifadhi au ng'ambo ya mto. Ukiona mashamba yote yamesogea upande mmoja kwa kiasi kilekile, tatizo ni mfumo, mkulima hana kosa.

Hatua ya 4: Historia ya eneo

Shamba lililopandwa kwa kufyeka msitu wa asili baada ya tarehe 31 Desemba 2020 halipati cheti cha FSC. Lililobadilishwa kati ya 1 Desemba 1994 na tarehe hiyo linaweza kukutana na masharti ya kurekebisha madhara, kwa hiyo mwaka wa kupanda lazima uwe wa kweli. Chukua picha za setilaiti za miaka ya nyuma kwa kila shamba, zihifadhi na tarehe zake, na ongeza maelezo ya wazee wa kijiji yaliyotiwa saini.

Msidhani ni misitu tu inayoangaliwa. Nyasi za asili za miinuko, kama zile za upande wa Makete, zinaweza kuwa eneo lenye thamani kubwa ya uhifadhi. Kuzifunika kwa misindano au mikaratusi si jambo dogo.

Hatua ya 5: Maji na vinyungu

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, maziwa na mabwawa. Kwenye mabonde ya Iringa na Njombe, mita hizo ndipo palipo vinyungu (bustani za mabondeni), na ndipo wengi walipopanda mikaratusi miaka ya nyuma kwa sababu ilikua haraka.

Tembea na kamba ya mita 30, pima mara mbili kutoka ukingo wa maji, paka rangi mti wa mwisho. Kila kilicho ndani ya mstari ondoa kwenye eneo la uzalishaji. Mikaratusi iliyomo msiikate yote kwa siku moja mkaacha ukingo mtupu. Punguzeni kwa awamu, msiruhusu visiki vichipue tena, na pandeni miti rafiki wa maji kama mivengi. Mkaguzi anakubali ukingo ambao bado una mikaratusi ikiwa kuna mpango wenye tarehe na kazi imeonekana kuanza. Hakubali ahadi.

Hatua ya 6: Hesabu ya ujazo

Hapa ndipo moyo wa cheti. Bila hesabu hii hakuna anayeweza kusema mnavuna kile mnachokuza.

Weka viduara vya sampuli shambani, nusu kipenyo mita 11.28, ambavyo kila kimoja ni mita za mraba 400. Pima kipenyo cha kila mti kwenye urefu wa mita 1.3 kutoka ardhini, upande wa juu wa mteremko, na urefu wa miti michache. Ujazo wa mti mmoja ni eneo la duara la shina × urefu × kigezo cha umbo (namba ya kupunguza, kwa kuwa shina huchongoka kuelekea juu), ambacho kwa mfano wetu ni 0.45.

Mfano: mti wa kipenyo sentimita 15 na urefu wa mita 18. Eneo la duara ni mita za mraba 0.0177. Zidisha kwa 18, kisha 0.45: mita za ujazo 0.143. Kiduara chenye miti 40 ya namna hiyo kinamaanisha miti 1,000 kwa hekta, sawa na mita za ujazo 143. Kokotoa kila mti peke yake ndipo ujumlishe. Ukitumia wastani wa vipenyo utapunja, kwa sababu ujazo hupanda kwa kipeo cha pili cha kipenyo.

Kikundi chenye hekta 80 za mikaratusi zinazovunwa kwa mzunguko wa miaka 8 kinavuna hekta 10 kwa mwaka. Kwa mfano huu ni mita za ujazo 1,430 za mti mtupu. Lakini kuni zinauzwa kwa rundo, na rundo lina hewa. Rundo la mita moja kwa moja kwa moja lina mbao halisi kati ya mita za ujazo 0.6 na 0.7. Kwa 0.65, mita za ujazo 1,430 ni marundo 2,200. Andikeni kigezo mnachotumia na mkipime wenyewe, maana magogo yaliyopinda hushusha namba.

Sasa chukua ankara za mwaka. Kama mmeuza marundo 3,000 na uwezo ni 2,200, kuna kuni za mtu mwingine zimepitia mgongoni mwenu. Mkaguzi hufanya hesabu hiyohiyo mapema kabisa.

Hekta 10 kwa mwaka ni wastani. Mashamba yaliyopandwa mwaka mmoja yote yatataka kuvunwa pamoja, hivyo panga kwa miaka mitatu hadi mitano na uonyeshe wastani haukupita hizo hekta 10.

Hatua ya 7: Kuvuna, watu na dawa

Mkata miti wa chenso awe na kofia ngumu yenye kioo, kinga ya masikio, glavu, suruali ya kinga na buti zenye chuma. Wengi wana kofia na buti, suruali hawana, na mguu ndio unaokatwa. Hatuwezi kulikazia hili kiasi cha kutosha. Sanduku la huduma ya kwanza liwe pale mnapokata, si nyumbani kwa mwenyekiti. Vibarua wawe na makubaliano ya maandishi na orodha ya malipo yenye saini, na watoto wasifanye kazi hiyo.

Kwa machipukizi, kisiki kikatwe sentimita 10 hadi 15 kutoka ardhini, kwa mshazari ili maji yateremke, gome lisichanike. Baadaye acha machipukizi mawili au matatu yenye nguvu.

Dawa za mchwa na magugu: linganisha kiambata hai (kemikali yenyewe inayoua) kilichoandikwa kwenye chupa na orodha ya FSC ya viuatilifu hatari kabla ya kununua. Mkaguzi atafungua stoo. Chupa ya zamani isiyotumika bado ni hoja.

Hatua ya 8: Kutoka shambani hadi kwenye boila

Rundo likishapangwa, paka rangi ncha za magogo na andika namba ya shamba. Hati ya kupeleka mzigo iwe na nakala tatu: ya mwanachama, ya msimamizi, ya kiwanda. Iwe na tarehe, namba ya shamba, aina ya mti, ujazo, namba ya gari na namba ya kibali cha kusafirisha. Ankara ya mauzo itaje dai "FSC 100%" na namba ya cheti. Bila maneno hayo mawili, kuni zenu ni kuni za kawaida hata kama shamba ni safi.

Dalali ndiye anayekata mnyororo. Akinunua kuni shambani zikawa mali yake, kisha akaziuza kiwandani, dai la FSC linaishia kwake, isipokuwa naye ana cheti cha mnyororo wa bidhaa, yaani cha wanaonunua na kuuza mzigo wenye dai. Mwenye gari anayelipwa usafiri tu hana tatizo, kwa kuwa mzigo si wake. Kwa hiyo kikundi kiuze moja kwa moja, dalali alipwe kama msafirishaji.

Mabanzi (vipande vya pembeni vya magogo yaliyopasuliwa) kutoka kwenye dingdong, mashine ndogo za kupasulia mbao msituni, yanavutia kwa bei, lakini mashine moja hupasua magogo ya watu wengi kwa siku moja. Yakiingia, yawe na rundo lake na yauzwe bila dai.

Kiwanda kikinunua kwa uzito, kubalianeni kuhusu unyevu. Mkaratusi mbichi una unyevu karibu asilimia 50 ya uzito na hutoa takribani megajuli 8 kwa kilo. Ukikauka hadi asilimia 20 hutoa megajuli 14. Pima kwa kukausha sampuli kwenye oveni ya nyuzi 105 hadi uzito ukome kushuka. Gramu 500 zikibaki 310, maji yalikuwa 190, yaani asilimia 38 ya uzito mbichi. Ukigawanya kwa uzito mkavu utapata 61, na hapo ugomvi mwingi wa getini huanzia. Andikeni kwenye mkataba ni hesabu ipi. Na ujazo wa cheti ubaki kwenye mita za ujazo, maana uzito hubadilika kila wiki.

Hatua ya 9: Ukaguzi

Kabla ya mkaguzi wa nje, msimamizi akague wanachama mwenyewe na aandike kasoro alizozikuta. Ripoti ya ndani isiyo na kasoro hata moja humtia mkaguzi shaka. Mkaguzi wa nje hachukui wanachama wote, huchagua sampuli, na hachaguliwi na nyinyi. Atazungumza pia na majirani na vibarua, bila viongozi kuwepo.

Kasoro kubwa huzuia cheti kutolewa hadi ifungwe. Ikijitokeza baada ya cheti, mnapewa kwa kawaida miezi mitatu. Kasoro ndogo hupewa hadi mwaka. Cheti hudumu miaka mitano, na ukaguzi wa ufuatiliaji ni kila mwaka. Tunzeni ankara na hati zote kwa muda huo.

Mwanachama akiuza shamba au akifariki, msimamizi alifute shamba hilo kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kuuza kwa dai siku anayopata taarifa, na alirudishe pale mmiliki mpya au mrithi atakapotia saini mkataba wake mwenyewe.