Somo: Namna ya kufuatilia jina adimu la ukoo wa Uingereza, kwa mfano wa jina Speke

Aliyesoma historia ya maziwa makuu shuleni amekutana na jina Speke, kwa kuwa John Hanning Speke ndiye aliyefika Mwanza mwanzoni mwa Agosti 1858 akitokea Kaze, yaani Tabora ya leo, akalipa jina la malkia wake ziwa ambalo wenyeji walikuwa na majina yao ya kuliitia tangu zamani. Kwetu jina hilo limebaki kuwa la mtu mmoja wa kitabuni. Huko kwao ni jina la ukoo, tena adimu, na uadimu huo ndio unaolifanya lifae kufundishia kuliko Smith au Jones, majina yaliyozagaa mno hata ramani yake haimwambii mtafiti mahali pa kuanzia.

Kabla ya hatua yoyote nasisitiza jambo moja, na nitalirudia hadi mnichoke: anzeni na daftari, msianze na mtu mashuhuri. Anayeanza na Speke wa Mwanza, kisha akateremka akitafuta tawi la kumpachikia babu wa mtu, atalipata tu, kwa sababu majina ya ubatizo ya Waingereza wa zamani yalikuwa machache na kila kizazi kilikuwa na John, Thomas, William na George wake.

Hatua ya kwanza: kusanya maendelezo yote ya jina

Kabla ya karne ya 19 watu wengi hawakuandika majina yao wenyewe. Karani au kasisi aliandika alichokisikia. Kwa hiyo Speke huyo huyo anaweza kutokea kama Speake, Speak, Spek au Speck, na katika hati za zamani zaidi kama Espec au le Espec. Andika orodha hiyo pembeni, kisha litamke jina kwa sauti pamoja na majina ya kwanza yaliyokuwa ya kawaida. Ukisema “Thomas Speke” haraka, utasikia kwamba sauti ya mwisho ya jina la kwanza inaimeza ile ya mwanzo ya jina la pili, na karani mwenye haraka anaweza kuandika “Thomas Peake”. Peake ni jina jingine kabisa, lenye koo zake, ila usilifute katika orodha mpaka umelikagua.

Hatua ya pili: chora ramani kwa sensa ya 1881

Uingereza imehesabu watu kila baada ya miaka 10 tangu 1801, isipokuwa 1941 wakati wa vita. Madaftari yenye majina ya kila mtu yamehifadhiwa nchi nzima kuanzia 1841. Yale ya 1931 ya Uingereza na Wales yaliungua mwaka 1942, na ya 1921 yalifunguliwa kwa umma Januari 2022. Katika yote hayo tunachagua ya 1881, kwa sababu yalinakiliwa yote na watu waliojitolea na yanasomeka bila malipo katika tovuti ya FamilySearch.

Usihesabu vichwa tu. Kaunti yenye watu wengi, kama Lancashire au Middlesex, itakuwa na watu wengi wa kila jina. Linganisha sehemu mbili: sehemu ya wenye jina wanaoishi katika kaunti hiyo, na sehemu ya wananchi wote wanaoishi humo. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, kaunti ina watu 2 katika kila 100 wa nchi nzima, lakini ina 40 katika kila 100 wenye jina unalolitafuta. Hapo jina limejazana mara 20 kupita kiasi cha kawaida, na ndipo penye kitovu. Kwa jina adimu hesabu hii ina hatari yake, kwa kuwa nyumba moja yenye baba, mama na watoto 9 inaweza kuipaka rangi kaunti nzima. Dawa yake ni kusoma safu ya mahali pa kuzaliwa, ambayo tangu sensa ya 1851 hutaja parokia, na kuweka alama ya ramani mahali walipozaliwa wazee wa nyumba badala ya mahali walipokutwa usiku wa sensa. Mzee wa miaka 75 aliyehesabiwa London mwaka 1881 akasema amezaliwa kijijini Somerset anakurudisha hadi 1806 kwa mstari mmoja.

Hapa pana mtego ulioninasa mimi mwenyewe kwa wiki mbili. Ukifungua ramani ya Uingereza utaona Speke imeandikwa kwa herufi kubwa kusini mwa Liverpool, penye uwanja wa ndege na jumba la kale la mbao liitwalo Speke Hall. Nilidhani nimefika nyumbani kwa ukoo. Jumba lile lilijengwa na familia ya Norris, na jina la mahali pale hutolewa katika neno la Kiingereza cha kale lenye maana ya vichaka na vijiti vya kuni. Ukoo wa msafiri wetu ni wa kusini-magharibi, Devon na Somerset, na jina lake lina mzizi tofauti. Majina mawili yanaweza kufanana kila herufi yasiwe na undugu wowote.

Hatua ya tatu: rudi nyuma daftari kwa daftari

Usajili wa serikali wa kuzaliwa, kuoana na kufa ulianza tarehe 1 Julai 1837 kwa Uingereza na Wales, na 1855 kwa Scotland. Fahirisi za ofisi ya msajili mkuu sasa zinaonyesha jina la mama kabla ya kuolewa hata kwa watoto wa miaka ya mwanzo, na kwa jina adimu hilo linatosha kupanga ndugu wa tumbo moja bila kununua cheti cha kila mmoja. Sensa ya 1841 isomeni kwa uangalifu, kwani umri wa waliozidi miaka 15 kwa kawaida ulipunguzwa hadi kigawe cha 5 cha chini yake, hivyo mwenye 39 akaandikwa 35.

Nyuma ya 1837 tunaingia kanisani. Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII, aliamuru mwaka 1538 kila parokia iweke daftari la ubatizo, ndoa na maziko; parokia nyingi zilipoteza kurasa zao za mwanzo, na tangu 1598 nakala zilipelekwa kwa askofu, kwa hiyo palipo na pengo katika daftari tafuteni nakala ya askofu kabla ya kukata tamaa.

Wosia ndio hati tamu kuliko zote, kwa sababu unataja wakwe, wajukuu na mashamba kwa majina, lakini kwa ukoo huu ndipo penye jeraha. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Mei 1942 ndege za Ujerumani ziliuchoma mji wa Exeter, na wosia za Devon pamoja na sehemu kubwa ya zile za Somerset zilizokuwa zimehifadhiwa humo zikateketea. Zimenusurika za matajiri, ambazo zilithibitishwa katika mahakama kuu ya kanisa ya Canterbury na sasa zipo kwenye hifadhi ya taifa, Kew, na nakala za kodi ya mirathi za kati ya 1812 na 1857. Matokeo yake ni kwamba tawi la wenye mashamba linaonekana waziwazi, na wenye jina hilo hilo waliokuwa wakulima au mafundi wamefifia. Msiutafsiri ukimya huo kuwa hawakuwapo.

Hatua ya nne: maana ya jina, baada ya yote hayo

Wengi huanza hapa, nami huiweka mwishoni, kwa sababu maana ya neno haithibitishi uzao. Speke linatokana na neno la Kifaransa cha kale, espec, yaani ndege kigong'ota. Lilikuwa jina la utani kama tunavyowatania watu hadi leo: huenda mtu wa kwanza alikuwa na pua ndefu, au alikuwa hachoki kugonga jambo lile lile. Jina la utani linaweza kuzuka mahali popote panaposemwa lugha hiyo, na kweli lilizuka zaidi ya mara moja. Walter Espec, bwana mkubwa wa Yorkshire aliyeanzisha abasia ya Rievaulx mwaka 1132, alikuwa kigong'ota mwingine. Hakuacha mrithi, na mali yake ikagawanywa kwa dada zake watatu. Anayemweka Walter juu ya shajara ya ukoo wa Somerset anajenga juu ya utani tu.

Devon jambo limekwenda kinyume cha kawaida. Koo nyingi za Kiingereza zimeazima jina la kijiji. Hapa kijiji kilicho kando ya mto Exe, kaskazini ya Exeter, kiliazima jina la ukoo uliokimiliki, kikaitwa Brampford Speke mpaka leo. Baadaye ukoo ulihamia Somerset, katika Whitelackington karibu na Ilminster, ukaingia katika siasa na kuilipia: Duke wa Monmouth alikaribishwa kwao mwaka 1680, na uasi wake uliposhindwa mwaka 1685, Charles Speke alinyongwa katika soko la Ilminster. Msafiri mwenyewe alizaliwa Devon mwaka 1827, akafa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe tarehe 15 Septemba 1864, siku moja kabla ya mjadala wake na Richard Burton, msafiri mwenzake wa zamani, mjini Bath, akazikwa Dowlish Wake, kilomita chache kutoka Ilminster. Tazameni ramani: baada ya karne kadhaa, mwili umerudi ndani ya duara lile lile.

Hatua ya tano: kipimo cha vinasaba (DNA), kwa hiari

Jina la ukoo wa Uingereza hupita kwa baba, na kromosomu Y, yaani sehemu ya vinasaba ambayo baba humrithisha mwanawe wa kiume, vilevile. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leicester walionyesha mwaka 2009 kwamba katika jina adimu kama Attenborough, karibu wanaume 9 kati ya 10 wana kromosomu ya aina moja, dalili ya babu mmoja. Katika Smith hakuna umoja wa namna hiyo. Kipimo hiki kinaweza kuiunga mkono ramani yenu au kuikanusha, lakini hakiwezi kuwapa jina la babu.

Maswali ya wanachama

Swali, kutoka Mwanza: Mwalimu, shikamoo. Hapa tuna Ghuba ya Speke, na Uganda kuna Mlima Speke. Je, mahali hapa pahesabiwe katika mtawanyiko wa jina?

Jibu: Marahaba. Hapana, bali mpafungulie ramani ya pili. Jina la ghuba lilitolewa na Stanley alipolizunguka ziwa mwaka 1875, mwenye jina akiwa ameshakufa miaka 11. Mlima wa Rwenzori wenye mita 4,890 ni heshima ya namna hiyo hiyo, na hata nzohe wa majini ana jina lake la kisayansi, Tragelaphus spekii. Hayo yanasimulia umaarufu, hayasimulii makazi. Speke hakuoa, kwa hiyo wenye jina hilo leo watafutiwe asili kwa ndugu zake au kwa matawi mengine.

Swali, kutoka Mombasa: Babu wa babu yangu alikuwa Frere Town na alikuwa na jina la ukoo la Kiingereza lisilo la kawaida. Je, nifuate hatua hizi?

Jibu: Zifuate kwa kuzigeuza. Makao ya Frere Town yalianzishwa na wamisionari wa Kianglikana mwaka 1875 kwa ajili ya waliookolewa utumwani, na wengi wao walibatizwa kwa majina ya Kiingereza, kama ilivyokuwa kwa wale waliosomeshwa Nasik, India, kabla yao. Jacob Wainwright, aliyeusindikiza mwili wa Livingstone hadi Uingereza mwaka 1874, alikuwa Myao. Jina la babu yako basi linaweza kukufikisha kwa kasisi au mfadhili aliyelitoa, si kwa mzazi. Anza na daftari la ubatizo la Frere Town au Rabai, kisha nyaraka za misheni hiyo zilizohifadhiwa Chuo Kikuu cha Birmingham.

Swali, kutoka Leeds: Je, kinyume chake kimewahi kuonekana, jina la Kiingereza kabisa lenye damu ya Afrika?

Jibu: Kimeonekana, na karibu na unapoishi. Mwaka 2007 watafiti wa Leicester walichapisha habari za jina moja adimu la mashariki ya Yorkshire: kati ya wanaume 18 wenye jina hilo waliopimwa, 7 walikuwa na kromosomu Y ya aina inayopatikana Afrika Magharibi, nao walijihesabu kuwa Waingereza bila shaka yoyote. Shajara zao zilirudi hadi mwishoni mwa karne ya 18 katika Yorkshire, na Mwafrika mwenyewe aliingia kabla ya hapo.

Swali, kutoka Dodoma: Nimeona nembo ya ukoo inauzwa mtandaoni. Je, ni ushahidi?

Jibu: Si ushahidi. Kwa sheria ya Uingereza nembo hupewa mtu na wazao wake halali, haipewi jina. Weka fedha hizo ununue cheti cha ndoa, ambacho tangu 1837 kina jina na kazi ya baba wa kila upande.

Swali, kutoka Nairobi: Nimepata Thomas Peake katika parokia ya Somerset, pamoja na ndugu wawili walioandikwa Speke. Nimwingize?

Jibu: Bado. Tafuta ubatizo wa watoto wake. Kama mmoja ni William, jina lisiloishia na s, na ameandikwa Speke, herufi iliyopotea ilimezwa na jina Thomas, mwingize. Kama William naye ni Peake, ni mtu wa ukoo mwingine.