Kabla ya kununua kifaa cha kusomea vitabu, angalia mafaili yako

Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, mkitaka kifaa cha kusomea vitabu anzeni na mafaili mliyonayo, bei ije baadaye. Kwa riwaya za EPUB, yaani faili la kitabu ambalo maandishi yake hayajafungwa kwenye ukurasa, kioo cha inchi 6 kinatosha kabisa, maana ukikuza herufi mistari inajipanga upya yenyewe. PDF ni habari nyingine. Ukurasa wa A4, kama noti za chuo au mitihani ya nyuma iliyoskaniwa, unabanwa wote kwenye kioo kidogo. Ukiukuza, kila mstari unavuta kushoto, unavuta kulia, mpaka unachoka. Mwalimu au mwanachuo atafute cha inchi 10, la sivyo abaki na kishikwambi chake.

Wengine wote, chukueni chenye wino wa kielektroniki, yaani kioo kinachoonekana kama karatasi. Saa saba mchana pale Shangani kioo cha simu kinageuka kioo cha kujitazamia, ila wino huu jua likizidi ndivyo unavyosomeka. Na chaji inakaa wiki kadhaa, hata umeme ukikatika huna wasiwasi.

Chapa ni Kobo au Kindle. Kobo inafungua EPUB moja kwa moja ukiihamisha kwa waya wa kompyuta. Kindle haiifungui hivyo; kwa kawaida unaipitisha kwanza Send to Kindle, huduma ya Amazon ya kutuma vitabu kwa intaneti, na hapo bando lazima liwepo. Mimi ningechukua Kobo.

Alama ya IPX8 kwenye kifaa inahusu kuvumilia maji tu. Hiyo X maana yake hakuna kipimo cha vumbi. Ufukweni kiwekeeni kava, na mchanga usiingie tundu la chaji.