Kabla Hujachora Grafu ya Kwanza Kwenye R

Grafu za uchunguzi ni zile unazochora kwa ajili yako mwenyewe, kabla ya ripoti, ili ujue data imekaaje. Kwa kuwa hazionyeshwi kwa mtu, wengi huzichora harakaharaka. Wakati huohuo maamuzi yote ya baadaye hutoka humo: kigeu kipi kiachwe, kundi lipi lilinganishwe na lipi, modeli ipi itumike. Kwa hiyo kabla hujaandika amri ya kuchora kwenye R, lugha ya kompyuta ya kuchambulia takwimu, pitia haya.

Andika dim() ujue una mistari mingapi. Idadi hiyo iweke kwenye karatasi au kwenye skripti, usiitunze kichwani. Utaihitaji.

Kisha str(), uone kila safu imesomwa kama nini. Safu ya umri ikisomwa kama maandishi kwa sababu mtu mmoja aliandika "hajui", hakuna grafu itakayokufaa mpaka uirekebishe. Na kama safu ni faktori, yaani safu inayohifadhi makundi, usikimbilie as.numeric(): itakurudishia namba za mpangilio wa makundi badala ya thamani zenyewe, na haitatoa onyo lolote. Anza na as.character(), ndipo uende kwenye namba. Tangu toleo la 4.0.0 la mwaka 2020, R haigeuzi tena maandishi kuwa faktori yenyewe unaposoma faili, lakini skripti za zamani bado zinazunguka.

summary() itakupa kima cha chini na cha juu. Umri wa 999 au uzito wa -9 ni alama ya kukosekana kwa jibu. Tafuta mwongozo wa data, kisha zigeuze ziwe NA, alama ya R ya thamani inayokosekana, mapema, kwa na.strings ndani ya read.csv(). Hakikisha tu kwamba 99 unayoifuta kwenye safu moja si thamani halali kwenye safu nyingine.

Sasa mipaka ya mhimili. Hapa tulia, soma polepole.

Mwenzangu kazini alipewa data ya muda ambao wagonjwa husubiri katika idara kadhaa. Wachache walikuwa wamesubiri muda mrefu mno, na grafu zake za visanduku, zile zinazoonyesha mediani (thamani ya katikati) na robo za data, zikabanwa chini kabisa, hazisomeki. Akaongeza ylim, mipaka ya mhimili wima, ili akate kule juu. Alikuwa amelelewa na boxplot() ya R yenyewe, ambako ylim hubadilisha tu sehemu unayoitazama, na visanduku hubaki vilevile. Lakini safari hii alikuwa anatumia ggplot2, kifurushi cha kuchorea grafu ndani ya R. Humo, ylim() hugeuza kila thamani iliyo nje ya mipaka kuwa NA kabla mediani na robo hazijakokotolewa. Jina ni lilelile, kazi ni tofauti kabisa.

Onyo lilitokea, lile la kueleza kwamba mistari kadhaa imeondolewa. Lakini data yake ilikuwa na mapengo tangu mwanzo, na onyo hilo alikuwa amelizoea kwenye kila grafu. Idadi ndani ya onyo ilikuwa imepanda; hakuitazama. Idara iliyokuwa na foleni mbaya kuliko zote ilipoteza wagonjwa wengi zaidi, mediani yake ikashuka, ikaonekana sawa na wenzake. Ripoti ikaandikwa kwamba hakuna tofauti kubwa kati ya idara. Aliyeistukia ni karani wa idara ile, aliyesema hajawahi kuona nusu ya wagonjwa wake wakihudumiwa ndani ya muda ulioandikwa pale. Ripoti ikarudishwa, na mwenzangu akaaibika kwa kosa ambalo hakuna aliyekuwa amemfundisha kuliogopa.

Jaribu mwenyewe, maana data ya mfano unayo tayari. airquality ina vipimo vya hewa ya New York kuanzia Mei hadi Septemba 1973, mistari 153, na 37 kati yake haina kipimo cha ozoni. Chora kisanduku cha ozoni kwa kila mwezi: mediani ya Julai ni 60. Ongeza ylim(0, 50), na Julai ileile inashuka hadi 32, kwa sababu vipimo 15 kati ya 26 vimetupwa. Tumia coord_cartesian(ylim = c(0, 50)) badala yake. Hiyo husogeza macho karibu bila kugusa data. Na kila onyo la mistari iliyoondolewa, soma namba yake, uilinganishe na idadi ya mapengo uliyoyahesabu kwa sum(is.na()). Zikitofautiana, simama.

Data inayoachwa nje huwa na maneno yake. Usiku wa kuamkia urushaji wa Challenger, chombo cha anga cha Marekani, Januari 1986, wahandisi walijadili baridi na pete za mpira za roketi wakitazama safari zile tu ambazo pete zilikuwa zimedhurika. Tume iliyochunguza ajali ile ikaziweka na safari zisizo na madhara, na uhusiano na baridi ukaonekana waziwazi: safari zote 4 za baridi zaidi zilikuwa na madhara, wakati kati ya 20 za joto zaidi ni 3 tu. Watu 7 walikufa.

Mengine kwa ufupi. Histogramu moja haitoshi. ggplot2 hugawa data katika vipande 30 bila kujua data yako ni ya nini, kwa hiyo badilisha upana wa vipande mara kadhaa. Kisanduku peke yake pia huficha. Chukua faithful, data ya milipuko 272 ya Old Faithful, chemchemi ya Marekani inayorusha maji ya moto: wastani wa muda wa mlipuko ni kama dakika 3.49, kiasi ambacho milipuko michache tu hukikaribia, maana mingi iko karibu na dakika 2 au karibu na 4.5. Kisanduku hakikuonyeshi vilima hivyo viwili; histogramu inakuonyesha mara moja.

Nukta zikirundikana, punguza uzito wa rangi kwa alpha, au tumia geom_jitter(), ukikumbuka kwamba nukta zimesogezwa na si mahali pake halisi. Ukienda kwenye mhimili wa logi, angalia sifuri kwanza, kwa kuwa logi ya sifuri ni -Inf. Andika vipimo kwenye mihimili hata kama msomaji ni wewe peke yako.

Faili la asili usiliandike juu yake. Grafu ichorwe kwa skripti iliyohifadhiwa, si kwa amri zilizopotelea kwenye konsoli. Ukigundua jambo kwenye grafu, usilithibitishe kwa jaribio la takwimu juu ya data ileile iliyokuonyesha. Na grafu ikitoka vilevile ulivyotarajia, ikague kama ambavyo ungekagua iliyokushangaza.