Fedha za kuzuia kujiua katika shehia: anzeni na nauli ya mgonjwa

Bajeti nyingi za kuzuia kujiua katika shehia za Zanzibar huandikwa kinyumenyume: ukumbi, bango, fulana na posho mwanzo, ufuatiliaji mwisho kwa kitakachobaki. Semina ikishamalizika, mtu aliyefunzwa Micheweni, Pemba, anamgundua kijana aliye hatarini na hana nauli ya kumfikisha hospitali. Kwa hivyo hesabuni kwanza yanayokuja baada ya semina.

Kabla ya kuandika ombi, nendeni kwa sheha na kituo cha afya mkaulize mambo matatu: nani atampokea tutakayempeleka, yupo siku gani, na dawa zikikosekana hununuliwa wapi. Majibu yaandikwe na kutiwa saini. Pemba ongezeni boti, kwani hospitali ya maradhi ya akili ipo Kidongo Chekundu, Unguja. Hesabuni watu wawili, mgonjwa na msindikizaji, kwenda na kurudi, pamoja na chakula cha msindikizaji, ambacho husahauliwa karibu kila mara.

Kisha ufuatiliaji. Aliyejaribu kujiua yumo hatarini zaidi wiki na miezi ya mwanzo baada ya kutoka hospitali. Shirika la Afya Duniani lilijaribu katika nchi tano utaratibu wa mazungumzo ya saa moja kabla ya ruhusa, kisha kumpigia simu au kumtembelea mara 9: wiki ya 1, 2, 4, 7 na 11, halafu mwezi wa 4, 6, 12 na 18. Vifo vya kujiua vilipungua. Basi ruzuku ya miezi 12 haitoshi hata kwa mtu mmoja. Ombeni miaka miwili. Katika kila shilingi 100, tunapendekeza 40 ziende kwenye ufuatiliaji, 30 mafunzo, 20 rufaa (kumfikisha mgonjwa hospitali) na 10 uendeshaji.

Mafunzo yawe ya siku mbili, watu 20, wasizidi 25, maana kila mmoja lazima afanye mazoezi. Wachukueni wahudumu wa afya ya jamii wa mpango wa Jamii ni Afya, walimu wa skuli na madrasa, na wenye maduka ya dawa za kilimo, ambao wanaweza kushauri sumu ifungiwe kwa kufuli. Nusu ya muda iwe ya kuuliza wazi, wawili wawili: “Unafikiria kujiua?” Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo. Aliye hatarini sasa hivi haachwi peke yake, anapelekwa hospitali. Baada ya miezi mitatu, rudieni nusu siku. Epukeni Ramadhani na msimu wa karafuu, la sivyo mtafunza viti.

Fedha zenyewe: mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1, hivyo maombi kwa halmashauri au baraza la mji yafike mapema, bajeti zikiwa bado zinapangwa. Mfuko wa jimbo unafaa zaidi kwa kitu kinachoonekana, mfano kukarabati chumba cha faragha kituoni. Kwa zaka kuweni waangalifu. Ina makundi manane ya wanaostahiki (Suratut Tawba, aya ya 60), na posho ya mkufunzi haimo. Nauli ya mgonjwa maskini huweza kuingia. Wakfu na sadaka zina nafasi pana zaidi. Muulizeni sheikh kabla ya kuchangisha, si baada.

Msimuahidi mfadhili kwamba vifo vitapungua kwa asilimia fulani. Katika shehia moja idadi ni ndogo mno, kifo kimoja hupindua takwimu nzima, na familia nyingi huficha. Ahidini mnachoweza kuhesabu: waliopelekwa, waliofika kweli, waliokamilisha mawasiliano 9. Picha za wagonjwa hazitolewi hata mfadhili akizitaka; shehia ni ndogo, na kuziba macho kwa wino hakumfichi mtu. Hata kwenye risiti ya boti inayoambatishwa na ripoti, futeni jina, wekeni namba ya kumbukumbu, na daftari linalounganisha namba na majina likae kituo cha afya.