Kijerumani: "in der Küche" au "in die Küche"? Tuimalize leo

Wadau habari zenu, wengi mmeniuliza hii ishu ya in, auf na an, kwamba mara unakuta "in der Küche" mara "in die Küche" na jiko ni lilelile.

Shida inaanzia kwetu bana. Sisi -ni moja inapiga kazi zote: niko jikoni, naenda jikoni, natoka jikoni, neno halitikisiki, kitenzi ndo kinasema upo au unaenda. Mjerumani hiyo kazi kampa artikeli, yaani vile vijineno der, die, das vinavyokaa mbele ya nomino kufuata jinsia yake.

Hatua ya 1: kabla hujafungua mdomo jiulize, Wo (upo wapi) au Wohin (unaelekea wapi)? Wo ni Dativ, Wohin ni Akkusativ (hizo ni hali mbili za kisarufi zinazobadilisha artikeli). Hii ni kwa vihusishi 9 tu: in, an, auf, über, unter, vor, hinter, neben, zwischen.

Hatua ya 2: badilisha artikeli. Kwenye Dativ der na das zote zinakuwa dem, die ya umoja inakuwa der. Kwenye Akkusativ der inakuwa den, zingine ziache zilivyo. Jinsia ya neno kariri tu, kama wageni wanavyoteseka na ngeli zetu. Alafu in dem wanaikata inakuwa im, in das inakuwa ins.

Mi wiki ya kwanza nakaa na familia huko nikamwambia mama mwenye nyumba "Ich gehe in der Küche", najua nimesema naenda jikoni, akabaki ananiangalia, kumbe nimemwambia natembeatembea humo jikoni 😂

Hatua ya 3: angalia kitenzi. Ich lege das Handy auf den Tisch, naweka simu mezani. Das Handy liegt auf dem Tisch, simu iko mezani. Sisi "weka" na "iko" tumemaliza, wao wanataka kujua kitu kimelala (legen, liegen) au kimesimama (stellen, stehen). Chupa steht, sawa, lakini na sahani nayo steht, sijui imesimama kwa miguu gani.

MASWALI

– Mwalimu mbona nasikia "Ich laufe im Park", si kuna mwendo hapo?
Upo ila unazunguka humohumo, hujahama sehemu. Ukiwa nje unaingia ndo "in den Park". Usiangalie miguu, angalia kama umevuka geti.

– Naenda Tanzania ni "in Tansania"?
Hapana ndugu, nchi isiyo na artikeli unaenda na nach: Ich fliege nach Tansania. Zenye artikeli ndo unarudi kwenye in, mfano in die Schweiz, in die Türkei. Ukishafika ni in Tansania, in der Schweiz.

– Na nyumbani kaka? Nachanganya kila siku
Nach Hause unaenda, zu Hause upo. Hizo usizitafutie sheria, zimeze hivyohivyo.

– Eti Schule ndo shule yetu?
Ndo hiyohiyo dada, tuliichukua kwao enzi za ukoloni wao. Ila kwao ni die, so naenda shule ni "Ich gehe in die Schule". Niko shule je? Niandikieni hapo chini, na asigugo mtu.